ROBERT BRUCE NA DAMU YA DUMFRIES

Wengi wetu tulipokuwa shule ya msingi tulisikia kisa cha mfalme aliyejificha pangoni, akamwona buibui akitanda utando wake, akianguka, akijaribu tena, mpaka mwishowe akafaulu. Mwalimu akishamaliza kusimulia alikuwa akitugeukia sisi tuliofeli hesabu, nasi tulijua fika anataka kusema nini. Mfalme huyo ni Robert Bruce wa Uskoti. Lakini ni wangapi kati yetu waliouliza alikuwa akimkimbia nani hata akaingia pangoni? Na alikuwa amefanya nini kabla ya kufika huko? Mimi nilipopata jibu nilishika mdomo. Kumbe bwana huyu alikuwa amemwaga damu ya mtu, tena kanisani, mbele ya madhabahu!

Basi tegeni masikio niwasimulie maisha yake tangu mwanzo. Kisa chenyewe ni kirefu, na si cha buibui tu.

Robert Bruce alizaliwa tarehe 11 Julai 1274 huko Carrick, kusini magharibi ya Uskoti. Hakuwa mtoto wa kapuku. Mama yake, Marjorie, alilirithi jimbo la Carrick yeye mwenyewe, na kwa upande wa baba ukoo wa Bruce ulikuwa na ardhi ya Annandale, karibu na mpaka wa Uingereza. Baba yake aliitwa Robert, na babu yake pia aliitwa Robert. Kwa hiyo msomaji ukiona Robert huyu na Robert yule, usikasirike. Hata sisi tunawapa watoto majina ya babu zao.

Uskoti wa siku hizo haukuwa na polisi wala jeshi la kudumu. Mwenye nguvu alikuwa ni yule mwenye ardhi, ngome na watu wa kumfuata vitani. Mtu alijulikana kwa ukoo wake, na ukimgusa mmoja ulikuwa umewagusa wote. Katika koo hizo kubwa, hakuna uliotamba kama ukoo wa Comyn. Hawa walikuwa na milima ya Badenoch, walikuwa na jimbo la Buchan kule kaskazini mashariki, na walikuwa wameshika vyeo vikubwa vya serikali. Ukoo wa Bruce uliwatazama kwa jicho la husuda, nao akina Comyn waliwatazama akina Bruce kama watu wa kujipendekeza. Fahali wawili hawakai zizi moja.

Balaa ilianza usiku mmoja wa mwezi wa Machi mwaka 1286. Mfalme Alexander wa Tatu alipanda farasi wakati wa dhoruba akitaka kumfikia mkewe kijana, Yolande, upande wa pili wa maji. Alionywa asiende, akakataa. Asubuhi maiti yake ilipatikana chini ya genge karibu na Kinghorn. Watoto wake wote walikuwa wamekwisha kufa, na mrithi aliyebaki alikuwa mjukuu wake wa kike, Margaret, mtoto mdogo aliyekuwa Norwe. Naye mwaka 1290, alipokuwa akiletwa kwa jahazi, alikufa kabla ya kufika, akiwa na umri wa miaka 7 tu. Kiti cha enzi kikabaki kitupu.

Hapo waliibuka wadai zaidi ya kumi. Wenye haki ya kuaminika walikuwa wawili: John Balliol, na yule babu yake Robert Bruce. Akina Comyn walimwunga mkono Balliol, wala si ajabu, kwani mkuu wa Comyn wa Badenoch alikuwa amemwoa dada yake Balliol. Ili wasije wakachinjana, wakubwa wa Uskoti walimwita jirani yao, Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, awe mwamuzi. Kwanza aliwataka wadai wote wamkubali yeye kuwa bwana wao mkubwa. Kisha mnamo Novemba 1292 akampa Balliol taji. Babu Bruce akarudi nyumbani mikono mitupu, lakini dai lake hakulizika. Alimrithisha mwanawe, na mwanawe akamrithisha Robert wetu.

Kufikia mwaka 1296 Balliol alikuwa amechoka kuamrishwa na Edward kama karani. Alifanya mapatano na Ufaransa, na Edward akaja na jeshi. Aliuteka mji wa Berwick kwa mauaji ya kutisha, akawashinda Waskoti huko Dunbar, akamvua Balliol ufalme na kulibeba lile Jiwe la Scone ambalo wafalme wa Uskoti walitawazwa juu yake. Na akina Bruce je? Walikuwa upande wa Edward! Ndiyo, usishangae. Walikataa kumpigania Balliol, naye Balliol akawanyang'anya Annandale akaitia mikononi mwa Comyn wa Buchan. Unaona jinsi kuni zilivyokuwa zikiongezwa motoni?

Kijana Robert hakuwa malaika katika miaka hiyo. Mwaka 1297 aliungana na walioasi dhidi ya Edward, akasalimu amri, akaasi tena. Mwaka uo huo William Wallace alishinda vita vya daraja la Stirling, lakini Julai 1298 akashindwa vibaya huko Falkirk, akaacha uongozi. Basi Waskoti wakachagua Walinzi wa Ufalme wawili watawale pamoja. Na ni akina nani hao? Robert Bruce, na John Comyn wa Badenoch aliyeitwa Comyn Mwekundu, mpwa wake Balliol. Ni kama kufunga paka na panya ndani ya gunia moja.

Haukupita mwaka. Agosti 1299 wakubwa walikutana Peebles. Ugomvi ulizuka juu ya mali ya Wallace, watu wakachomoa majambia, na Comyn Mwekundu akamrukia Bruce akamkaba koo mbele ya kadamnasi! Waliamuliwa, na askofu William Lamberton wa St Andrews akaongezwa kuwa mlinzi wa tatu, akae katikati kama mwalimu wa zamu. Haikusaidia. Bruce alijiuzulu, na mwaka 1302 akarudi kwa Edward na kumwoa Elizabeth de Burgh, binti wa mkubwa mmoja wa Ayalandi. Comyn aliendelea kupigana hadi mwaka 1304, ndipo naye akasalimu amri. Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukiwapima wawili hawa kwa miaka hiyo, Comyn ndiye aliyesimama imara zaidi kuliko Bruce. Tuseme ukweli hata kama unauma.

Sasa tufike Dumfries.

Tarehe 10 Februari 1306, Bruce na Comyn Mwekundu walikutana katika kanisa la watawa Wafransisko katika mji huo. Waliingia wawili wakasogea karibu na madhabahu. Maneno yalipanda. Bruce alichomoa kisu akamchoma mwenzake. Wafuasi wa Bruce wakaja wakammalizia, na amu yake Comyn aliyejaribu kumwokoa akauawa pia. Watu wa Bruce baadaye walieleza kwamba wawili hao walikuwa na mapatano ya siri ya kuinyakua Uskoti, na kwamba Comyn aliyauza kwa Edward. Watu wa upande wa pili wao walishikilia kwamba Comyn alivutwa kwenye mtego kama kuku anavyovutwa kwa mtama. Vyovyote vile, damu ilikuwa sakafuni mwa nyumba ya Mungu, na maji yakimwagika hayazoleki.

Hapo Bruce alikuwa na njia mbili: kukimbia au kutawala. Alichagua kutawala. Majuma sita tu baadaye, tarehe 25 Machi 1306, alitawazwa huko Scone. Na hapa pana jambo ambalo lilinigusa kuliko vita vyote. Desturi ilitaka mfalme akalishwe kitini na mtu wa ukoo wa wakuu wa Fife. Mkuu mwenyewe alikuwa mtoto, tena mikononi mwa Waingereza. Basi jamaa yake, Isabella, aliitwaa kazi hiyo, akaja Scone akamvisha Bruce taji kwa mara ya pili. Isabella huyu alikuwa mke wa nani? Mke wa Comyn wa Buchan! Aliuacha upande wa mumewe akamtawaza mwenye damu ya Comyn mikononi. Wacha wee! Waingereza walipomkamata walimfungia katika kizimba ndani ya ngome ya Berwick, akakaa humo takriban miaka 4. Dada yake Bruce, Mary, naye alifungiwa kizimbani huko Roxburgh.

Mwaka huo ulikuwa wa mikosi mitupu. Papa alimtenga Bruce na Kanisa. Mwezi wa Juni jeshi lake lilivamiwa usiku huko Methven na Aymer de Valence, ambaye alikuwa shemeji yake Comyn aliyeuawa. Akatorokea magharibi, kumbe huko ndiko kwenye ukoo wa MacDougall wa Lorn, jamaa za Comyn kwa ndoa. Nao walimsubiri bondeni Dalrigh wakamtandika. Mkewe, bintiye Marjorie na dada zake walikamatwa. Ndugu yake Neil aliuawa Berwick. Mwaka uliofuata ndugu wengine wawili, Thomas na Alexander, walikamatwa na watu wa ukoo wa MacDowall huko Galloway, wakapelekwa Carlisle kuuawa. Ndugu watatu ndani ya miezi michache! Je, huo si ndio mshahara wa damu?

Naam, hapa ndipo buibui anapoingia. Bruce alitoweka visiwani wakati wa baridi kali, na ati ndipo alipomwona yule mdudu. Samahani nikiwavunja moyo, lakini kisa hicho kilisambazwa na mwandishi Walter Scott katika karne ya 19, yaani miaka 500 baadaye. Nadhani watu walikipenda kwa sababu mfalme wa buibui ni rahisi kumfundisha mtoto kuliko mfalme wa kisu.

Mapema mwaka 1307 alirejea bara na watu wachache. Alikuwa amejifunza jambo: asipigane vile adui anavyotaka. Alijificha vichakani, akavizia, akapiga na kutoweka. Mwezi wa Mei alimshinda Aymer de Valence huko Loudoun Hill kwa kuchimba mitaro iliyoifanya njia kuwa nyembamba. Julai, Mfalme Edward wa Kwanza alifariki karibu na mpaka akiwa safarini kuja kumwangamiza. Mwanawe, Edward wa Pili, alifika Uskoti kidogo tu kisha akarudi zake.

Je, Bruce aliufuata mgongo wa Waingereza? La! Aliwageukia akina Comyn. Alikwenda kaskazini, na ingawa alikuwa mgonjwa hata akabebwa kwa machela, alimshinda Comyn wa Buchan karibu na Inverurie. Halafu mwaka 1308 akamwamuru ndugu yake Edward aiharibu Buchan. Mashamba yalichomwa, ghala zikateketea, ng'ombe wakaswagwa, watu wakauawa. Na wakulima wale walikuwa na kosa gani? Kosa lao ni kwamba bwana wao aliitwa Comyn. Mshairi John Barbour, aliyetunga utenzi mrefu wa kumsifu Bruce miaka ya 1370, hakuweza kulificha jambo hili. Alieleza kwamba miaka 50 baadaye watu walikuwa bado wakiomboleza. Ukiona mtunzi wa sifa anakiri hivyo, ujue yaliyotendeka hayakuwa madogo. Wapiganapo tembo nyasi huumia.

Baada ya hapo ilikuwa zamu ya MacDougall. Walimvizia Bruce juu ya njia nyembamba ya Brander, kwenye ubavu wa mlima Cruachan, wakiwa na mawe tayari ya kumporomoshea. Lakini Bruce alikuwa ameerevuka. Alimtuma James Douglas na vijana wepesi wapande juu zaidi ya wale waviziaji. Waliojidhani wanatega wakategwa wao. Ukoo huo ulipoteza ngome yake ya Dunstaffnage na ardhi nyingi, na koo zilizomfuata Bruce, kama vile MacDonald na Campbell, zikanawiri.

Sasa nyumba ikiwa yake, Bruce alianza kuzitwaa ngome moja moja kutoka kwa Waingereza. Mwaka 1314 Douglas aliiteka Roxburgh usiku, na Thomas Randolph akaiteka Edinburgh kwa kuupanda mwamba wenyewe. Ikabaki Stirling. Mlinzi wake aliahidi kuisalimisha kama jeshi la Uingereza halingefika kabla ya katikati ya mwaka huo. Edward wa Pili hakuwa na budi kuja.

Walikutana Bannockburn, tarehe 23 na 24 Juni 1314. Jeshi la Waingereza liliwazidi Waskoti mara mbili na pengine zaidi. Siku ya kwanza askari mmoja wa Kiingereza, Henry de Bohun, alimwona Bruce akikagua safu juu ya farasi mdogo, akamjia mbio na mkuki. Bruce alitulia. Mkuki ulipomkaribia akampisha, akainuka juu ya farasi, akamshukia na shoka la kichwa: pwaa! De Bohun alikufa papo hapo. Wakubwa walimlaumu mfalme kwa kuyachezea maisha yake, naye alisikitikia mpini wa shoka lake uliovunjika.

Usiku Waingereza walilala kwenye tope kati ya vijito. Kulipokucha Waskoti walitoka msituni kwa miguu, wakapiga magoti kuomba, kisha wakasonga mbele wakiwa wamebanana, mikuki imechomoza pande zote kama miiba ya nungunungu. Farasi wa Waingereza hawakuwa na nafasi ya kukimbia wala kugeuka. Wapiga mishale walipojaribu kusaidia, wapanda farasi wa Robert Keith waliwatawanya. Mwisho wa yote, watumishi na wapishi wa Waskoti waliteremka kilimani, na Waingereza wakadhani ni jeshi jingine! Hapo mguu niponye. Edward mwenyewe alikimbia mpaka Dunbar, akaingia chomboni akaenda zake.

Miongoni mwa maiti zilizobaki uwanjani, alikuwapo kijana mmoja aliyepigana upande wa Waingereza. Jina lake John Comyn, mwana wa Comyn Mwekundu. Alikuja kumlipia babake kisasi, naye akaanguka. Miaka minane ilikuwa imepita tangu Dumfries.

Ushindi huo ulimrudishia Bruce mkewe na bintiye, waliobadilishwa na mateka mkubwa, bwana wa Hereford. Walikuwa wamefungwa miaka 8. Mwezi Novemba bunge lilikata shauri kwamba wote waliokataa kumtii mfalme wapoteze ardhi zao Uskoti. Hao ndio waliokuja kuitwa Walionyang'anywa Urithi, na msisahau jina hilo.

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Ndugu yake wa mwisho, Edward, alijitangaza mfalme wa Ayalandi, akauawa huko mwaka 1318. Mwaka 1320 wakubwa wa Uskoti walimwandikia Papa waraka maarufu wa Arbroath kutetea uhuru wa nchi yao. Mwaka huo huo njama ya kumpindua Bruce iligunduliwa, na baadhi ya waliokamatwa walikuwa jamaa za wale wale akina Comyn. Hatimaye mwaka 1328 Uingereza ilitia sahihi mapatano ya kumtambua Bruce kuwa mfalme wa Uskoti huru. Kanisa pia lilikuwa limemsamehe.

Alifariki tarehe 7 Juni 1329 huko Cardross, akiwa na umri wa miaka 54. Aliomba moyo wake utolewe na upelekwe vitani dhidi ya maadui wa dini yake, kwani aliweka nadhiri ya kwenda akashindwa. James Douglas aliubeba ndani ya kijaluba shingoni, akauawa Teba, Hispania, mwaka 1330. Moyo ukarudishwa ukazikwa Melrose. Mwili wake ulizikwa Dunfermline. Mimi nafikiri mtu anayetaka moyo wake usafiri hivyo baada ya kufa alikuwa na mzigo uliomlemea, na labda mzigo huo ulikuwa wa Dumfries.

Je, kisasi kilikwisha alipozikwa? Thubutu! Alimwachia ufalme mwanawe David, mtoto wa miaka 5. Mwaka 1332 Walionyang'anywa Urithi waliingia jahazini pamoja na Edward Balliol, mwana wa yule John, wakaliangamiza jeshi la Waskoti huko Dupplin Moor. Mmoja wa viongozi wao alikuwa Henry Beaumont, na mkewe alikuwa Alice Comyn, mrithi wa Buchan. Mtoto David ilibidi apelekwe Ufaransa, na vita vikaendelea kwa miaka mingi. Mtoto huyo hakuwa amezaliwa siku kisu kilipochomolewa kanisani, lakini deni lilimfikia.

Wapenzi wasomaji, mtaniuliza: Bruce alikuwa shujaa au muuaji? Nami nawajibu kwamba alikuwa vyote viwili, wala kimoja hakikifuti kingine. Bila yeye labda Uskoti ingemezwa mapema. Lakini bila kisu kile, labda ndugu zake wangezeeka nyumbani, na mama wa Buchan angevuna shayiri yake kwa amani. Siku moja ya hasira ilidai malipo kwa zaidi ya miaka 20, na waliolipa si wale waliokula.

Basi mwalimu akikusimulia tena juu ya buibui, msikilize kwa adabu, kwani kutokata tamaa ni jambo jema. Ila ukimaliza kupiga makofi, mkumbuke na yule mtu aliyelala mbele ya madhabahu. Na wewe ukikabwa koo na mwenzako uwanjani au bwenini, hesabu kwanza mpaka kumi. Hasira hasara.

Hapa naiweka kalamu yangu chini. Kwaherini.

Mwanachama, Kidato cha Tatu